Uzi: Forever Changes ya Love, albamu ya roki ambamo fidla na tarumbeta zilipewa kazi ya gitaa la umeme

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, naomba tuijadili Forever Changes, albamu ya tatu ya bendi ya Love ya Los Angeles, iliyotolewa na kampuni ya Elektra mwezi Novemba 1967. Katika mijadala ya nyuma nimeona wengi wakirudia dai kwamba bendi ya roki ikishaingiza fidla studio ujue imeishiwa, na kwamba okestra ni pazia la kufichia nyimbo dhaifu. Dai hilo halikosi ushahidi, kwa kuwa zipo santuri chungu nzima za miaka ile ambazo ala zake za nyuzi zilimwagwa juu ya wimbo uliokwisha kukamilika, ili tu redio ziupokee. Hata hivyo, albamu hii inalivunja dai hilo kwa namna ambayo sijaiona kwingine, na ndiyo sababu ya kuuanzisha uzi huu. Hoja yangu ni kwamba ndani ya Forever Changes okestra imekabidhiwa kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na gitaa la umeme, yaani kujibizana na mwimbaji, kumpinga, na wakati mwingine kumtisha. Na kwamba ulaini wa sauti zake ndio unaoyafanya maneno ya nyimbo hizi yawe mazito kiasi kile.

Kwa wasioifahamu bendi yenyewe, Arthur Lee, mwimbaji na mtunzi wake mkuu, alizaliwa Memphis mwaka 1945 na kukulia Los Angeles. Yeye na mpiga gitaa Johnny Echols walikuwa Weusi, ilhali Bryan MacLean aliyepiga gitaa na kutunga, Ken Forssi wa besi na Michael Stuart wa ngoma walikuwa Wazungu, mchanganyiko uliokuwa nadra katika roki ya Marekani wakati huo. Elektra, iliyoanzishwa na Jac Holzman mwaka 1950, ilijulikana zaidi kwa muziki wa kiasili kabla ya kuwachukua Love, waliokuwa bendi yake ya kwanza ya roki. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1966 ilikuwa ya magitaa makali na mdundo wa haraka, na mwaka huohuo walitoa singo iliyofika nafasi ya 33 katika chati ya Marekani, Seven and Seven Is, wimbo wa zaidi kidogo ya dakika mbili unaokwenda kasi kiasi kwamba msikilizaji anabaki akitafuta pumzi, na unaofikia kilele kwa mlio wa mlipuko. Ukiusikiliza huo halafu ukaiweka Forever Changes, unaweza kudhani ni bendi mbili zisizofahamiana.

Kilichobadilika ni nini? Kwanza, Lee mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu, akiishi katika nyumba iliyoko mlimani juu ya jiji, na alikuwa ameshikwa na imani kwamba kifo chake kiko karibu, kiasi cha kuyachukulia mashairi ya albamu hii kuwa ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Mtu anayedhani anaaga hapigi kelele. Anazungumza polepole ili asikike. Ndipo magitaa kavu, yaani yasiyotumia umeme, yakachukua sehemu kubwa ya mdundo, sauti ya Lee ikashuka kutoka kwenye ukali wa zamani, na nafasi kubwa ikabaki wazi katikati ya kila wimbo. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuja kujazwa na okestra.

Kazi ya kurekodi ilifanyika katika studio ya Sunset Sound kuanzia Juni hadi Septemba 1967, chini ya utayarishaji wa Lee na Bruce Botnick. Neil Young alitarajiwa kushiriki katika utayarishaji lakini akajitoa mapema, akiwa na bendi yake ya Buffalo Springfield ya kushughulikia. Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya. Wanabendi walikuwa wamevurugika, dawa za kulevya zikiwa sehemu ya vurugu hizo, na kwa hiyo waliitwa wanamuziki wa kukodiwa, miongoni mwao mpiga ngoma Hal Blaine na mpiga besi Carol Kaye, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kupiga katika rekodi za watu wengine. Nyimbo mbili, Andmoreagain na The Daily Planet, zilirekodiwa kwa mikono ya wageni hao. Kwa wanabendi, kukaa pembeni na kutazama watu wengine wakipiga nyimbo zao ulikuwa mshtuko uliowazindua, wakajipanga na kuzirekodi wenyewe nyimbo tisa zilizobaki. Napenda kulikumbuka hilo kila ninapoambiwa kwamba albamu hii ni kazi ya mafundi wa studio. Mafundi walikuwapo, lakini mchango wao mkubwa kwa magitaa na ngoma ulikuwa kuwatia wenye nyimbo aibu.

Kisha akaingia David Angel, mpangaji wa ala. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya albamu hii na nyingine nyingi za aina yake. Lee hakuwa na ujuzi wa kuandika nota, kwa hiyo alikaa na Angel, akampigia nyimbo na kumwimbia sehemu za fidla na tarumbeta kama alivyozisikia kichwani, naye Angel akaziandika na kuzipanga. Yaani sehemu nyingi za okestra zilizaliwa zikiwa sauti ya mwimbaji kabla hazijawa nota kwenye karatasi. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini tarumbeta katika albamu hii zinapumua pale ambapo binadamu angepumua, na kwa nini fidla mara nyingi humalizia sentensi ambayo Lee ameiacha njiani. Okestra yote, iliyokuwa na wanamuziki kutoka Los Angeles Philharmonic, okestra kubwa ya jiji hilo, iliongezwa juu ya rekodi za bendi kwa siku moja, tarehe 18 Septemba.

Sasa nyimbo zenyewe. Sitazipitia zote kumi na moja, kwa kuwa si zote zinazohusu hoja yangu.

Alone Again Or, wimbo wa kwanza, ni wa MacLean, ambaye mama yake alikuwa mchezaji wa flamenko, ngoma ya Kihispania, na athari hiyo inasikika katika namna gitaa kavu linavyofungua wimbo kwa uchopaji wa haraka ulio na utulivu ndani yake. Fidla zinaingia kwa upole, halafu katikati inakuja tarumbeta yenye ladha ya Meksiko, ikipiga pale ambapo bendi nyingine yoyote ya mwaka 1967 ingempa mpiga gitaa dakika yake ya kujionyesha. Kuna jambo la ajabu pia katika uchanganyaji wa sauti: MacLean ndiye mwimbaji mkuu, lakini sauti yake ilionekana dhaifu, ikashushwa, na sauti ya Lee iliyokuwa ya kusindikiza ikapandishwa juu yake. Matokeo yake ni wimbo wa mtu anayelalamikia upweke huku akifunikwa na sauti ya mwenzake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, nadhani, lakini imeufaa.

Wimbo wa pili, A House Is Not a Motel, unatufundisha kwa njia ya kinyume. Huu hauna okestra ya kuzungumzia. Unaanza na gitaa kavu, unapanda taratibu kwa maneno ya damu na habari zinazotangazwa, wakati Marekani ikiwa katikati ya vita vya Vietnam, kisha unaishia kwa magitaa mawili ya umeme yanayogombana. Kwa kuwa umewekwa mara tu baada ya wimbo wa tarumbeta, sikio linalinganisha lenyewe, na linagundua kwamba magitaa yale yanafanya kazi ileile ambayo tarumbeta ilikuwa ikiifanya dakika chache zilizopita. Wanaosema okestra iliwaondolea Love ukali wao wausikilize wimbo huu, wakijua kwamba bendi ilikuwa na uwezo wa kupiga hivyo wakati wowote na ikachagua kutofanya hivyo kila mara.

The Red Telephone ndio kilele cha hoja yangu. Mwimbaji amekaa kilimani akitazama watu wote wakifa, na analisema hilo kwa utulivu wa mtu anayesimulia hali ya hewa. Chini yake kuna ala za nyuzi nyororo mno, ambazo ukiziondolea maneno na kuzisikiliza peke yake utadhani ni wimbo wa mapenzi. Wimbo unavyokaribia mwisho, sauti zinageuka kuwa kama za kikundi kinachokariri kwa pamoja habari za watu wanaofungiwa na ufunguo kutupwa, na swali la nani atafuata kesho. Laiti maneno hayo yangewekewa gitaa la kunguruma, msikilizaji angeambiwa mapema kwamba hapa aogope. Fidla hazimwambii kitu. Zinamwacha afike kwenye hofu kwa miguu yake mwenyewe.

Nusu ya pili inafunguliwa na wimbo wenye jina refu kuliko yote, Maybe the People Would Be the Times or Between Clark and Hilldale, unaohusu maisha ya mtaani karibu na Sunset Strip, barabara ya starehe ya Los Angeles, ambamo Lee anafanya mchezo wa kulikata neno la mwisho la ubeti na kuliacha lianze ubeti unaofuata. Tarumbeta ndizo zinazoshika pengo hilo. Huu nao ni ushahidi mwepesi kuliko wote, kwa kuwa ukizinyamazisha tarumbeta, wimbo unaanguka. Nafasi ile iliachwa kwa ajili yao. Katika The Good Humor Man He Sees Everything Like This, okestra inapiga picha ya kiangazi chenye amani kiasi cha kutia shaka, halafu mwishoni sauti zinakatwakatwa vipande kana kwamba sindano ya santuri imekwama. Nawaza wanunuzi wangapi wa mwaka 1967 walinyanyuka kwenda kuitazama sindano.

You Set the Scene, wa mwisho, una karibu dakika saba na kwa hakika ni nyimbo mbili zilizounganishwa. Sehemu ya kwanza ni ya haraka na ya mashaka. Sehemu ya pili inatulia, Lee anautazama ufupi wa maisha yake na kuukubali, na tarumbeta zinapanda ngazi baada ya ngazi hadi wimbo unapozimika taratibu. Nimesoma wakosoaji wanaoiona sehemu hii kuwa na majivuno. Mimi naiona kuwa ndiyo mahali pekee katika albamu ambapo okestra na mwimbaji wanasema jambo moja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana inagusa. Katika nyimbo kumi zilizotangulia walikuwa wakipishana.

Sokoni albamu ilianguka. Nchini Marekani iliishia nafasi ya 154, ingawa Uingereza iliifikisha nafasi ya 24 mwaka 1968. Bendi haikupenda safari za maonyesho na nje ya California ilionekana kwa nadra, na mwaka huohuo Elektra ilikuwa na The Doors, bendi ambayo Lee mwenyewe ndiye aliyemhimiza Holzman aende kuitazama, na ambayo ilikuwa imeshika namba moja katika kiangazi cha 1967. Kikosi kile cha Love kilisambaratika mwaka 1968, na Lee akaunda kingine na kurudi kwenye magitaa mazito. Heshima ilikuja polepole, hadi Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza albamu katika orodha yake ya rekodi zinazohifadhiwa kitaifa.

Naomba michango, hasa ya wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakushukuru kwa andiko lililoshiba, lakini naona umeruka jambo la msingi. Mwaka mmoja na nusu kabla ya albamu hiyo, yaani Mei 1966, The Beach Boys walikuwa wameshatoa Pet Sounds, na mnamo Februari 1967 The Beatles walikuwa wameshaingiza wapigaji arobaini wa okestra studio kwa ajili ya A Day in the Life. Mwezi uleule wa Novemba 1967 Moody Blues nao walitoa Days of Future Passed na okestra kamili. Sioni ni kwa kigezo gani Love wanapewa nafasi ya pekee ilhali walifuata njia iliyokwisha kufyekwa.

Mwanzisha uzi

Ndugu, kuhusu tarehe uko sahihi kabisa, na sikudai kwamba Love walitangulia. Ninachodai ni aina ya kazi ambayo okestra imepewa. Tuchukue mifano yako mmoja mmoja.

Pet Sounds ni kazi ya Brian Wilson, mtunzi mkuu wa The Beach Boys, na wanamuziki wa studio. Wenzake walikuwa ziarani Japani mwanzoni mwa mwaka 1966 wakati yeye akiendelea kurekodi, na waliporudi kazi yao kubwa ikawa kuimba. Matokeo ni ya kupendeza kupita kiasi, lakini hakuna bendi ya roki inayosikika ikikabiliana na okestra, kwa sababu ala zote ni sehemu ya mwili mmoja tangu mwanzo. Katika Forever Changes unaisikia bendi ya watu watano ikipiga, na unaisikia okestra ikiingia chumbani. Mvutano kati ya makundi hayo mawili ndio ninaoufuatilia.

A Day in the Life ni wimbo mmoja, na okestra yake inatumika kama tukio: wapigaji wanapanda kutoka nota ya chini hadi ya juu kabisa, kila mmoja kwa mwendo wake, na athari yake ni ya kutisha waziwazi. Ni wazo kubwa sana, lakini ni kinyume cha lile la Lee, anayetisha kwa upole.

Days of Future Passed ndiyo inayonisaidia zaidi. Okestra iliyopangwa na Peter Knight inasikika zaidi kabla ya nyimbo, baada yake na kati ya wimbo mmoja na mwingine, huku bendi ikipiga sehemu zake kivyake. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba pande hizo mbili zinakutana mara chache mno. Ni albamu ninayoiheshimu, ila unaweza kuikata vipande, ukaweka bendi upande mmoja na okestra upande mwingine, na kila upande ukasimama peke yake. Jaribu kufanya hivyo na wimbo wa Maybe the People uone kitakachobaki.

Mchangiaji wa pili

Naomba kuuliza kuhusu ufundi. Nimewahi kusikiliza bendi kadhaa za roki zikiwa na okestra, kuanzia Deep Purple katika ukumbi wa Royal Albert Hall mwaka 1969 hadi Metallica mwaka 1999, na mara nyingi naona fidla zinamezwa na magitaa au zinabaki kama ukungu kwa mbali. Inakuwaje katika albamu hii kila kitu kinasikika wazi wakati teknolojia ilikuwa duni zaidi?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu lake lipo katika mpangilio kuliko katika mitambo. Gitaa la umeme lililokolezwa mkwaruzo linatandaza sauti yake kuanzia chini hadi juu, na linakalia eneo lilelile ambalo fidla na viola hulitumia. Ukiziweka pamoja bila mpango, moja itaimeza nyingine, na kwa kawaida anayemezwa ni mwenye fidla. Mifano miwili uliyoitaja inakabiliana na tatizo hilo kwa nguvu: ama zamu inapeanwa, ama okestra inaongezewa sauti.

Love hawakuwa na tatizo hilo kwa kuwa waliliondoa kabla ya kuanza. Gitaa kavu lina mshindo mfupi; linagusa na kutoweka, likiacha upenyo kati ya pigo moja na jingine. Ngoma za Stuart ni nyepesi, na mara nyingi zinacheza pembezoni mwa mdundo badala ya kuukanyaga katikati. Ala za nyuzi, ambazo kwa asili hushikilia sauti kwa muda mrefu, zinapata hapo sakafu safi ya kutandika. Tarumbeta nazo hazikutumiwa kwa wingi. Huja kwa sentensi fupi, zikasema na kuondoka. Angel alijua pa kunyamaza, na kwa maoni yangu huo ndio ustadi mkubwa wa mpangaji yeyote anayefanya kazi na bendi.

Pale ambapo gitaa la umeme linapewa nafasi kubwa, kama katika A House Is Not a Motel na mwishoni mwa Live and Let Live, okestra inakaa pembeni. Hawakulazimisha ndoa katika kila wimbo.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nitakuwa mpinzani kama ulivyoomba. Naiona albamu hii kuwa imekuzwa kupita kiasi. Mashairi yake hayaeleweki, na pale yanapoeleweka yanakera. Wimbo wa Live and Let Live unaanza kwa kuzungumzia kamasi zilizokaukia kwenye suruali, na sijui ni okestra gani inayoweza kulifanya hilo liwe sanaa. Aidha, Bummer in the Summer ni wimbo wa kawaida kabisa ambao ungeweza kuwa katika albamu yoyote ya wakati huo, na hauna uhusiano na hizo sifa za fidla mnazozitoa. Nashuku kwamba kuanguka kwake sokoni ndiko kulikoipa umaarufu baadaye, kwa kuwa wakosoaji wanapenda kugundua kilichopuuzwa.

Mwanzisha uzi

Kuhusu Bummer in the Summer sina ugomvi nawe. Ni mapumziko kabla ya wimbo mrefu wa mwisho, na kwa hilo unafaa, lakini hakuna atakayeinunua albamu kwa ajili yake.

Kuhusu kamasi, naona tofauti. Chukua santuri yoyote ya pop ya okestra ya miaka ile uone maneno yake yanahusu nini: machweo, mvua, mpenzi aliyeondoka. Ulaini wa ala ulikwenda sambamba na usafi wa maneno, na vyote viwili vilimpumbaza msikilizaji. Lee anauanza wimbo wenye gitaa tamu kwa uchafu wa mwili wa mtu asiyejijali tena, na kutoka hapo anaingia kwenye habari za bunduki na ardhi. Si lazima umpende kwa hilo, lakini huwezi kusema hakujua alichokuwa akikifanya. Hata picha ya nyuma ya jalada inasema vivyo hivyo: wanabendi wamesimama, na Lee ameshika chombo cha maua kilichovunjika, maua yakiwa bado ndani yake.

Shaka yako juu ya wakosoaji ina uzito, na ningeikubali zaidi kama albamu ingependwa na wakosoaji peke yao. Lakini wanamuziki ndio walioibeba. The Damned, waliotoka katika panki ya Uingereza na ambao hakuna anayeweza kuwatuhumu kwa kupenda muziki laini, waliurudia wimbo wa kwanza, Alone Again Or, na kuutoa kama singo mwaka 1987, na baadaye Calexico wa Arizona nao wakaurudia.

Mchangiaji wa nne

Naomba kuongeza mambo mawili. La kwanza, msikilizaji aliyelelewa na taarab asilia hatashangaa hata kidogo kusikia fidla zikimjibu mwimbaji na kushika pengo la ubeti, kwa kuwa huko kujibizana huko ndiyo kazi yao ya kila siku. Labda ndiyo sababu baadhi yetu tuliipokea albamu hii kwa urahisi kuliko wapenzi wa roki wa Marekani wa mwaka 1967.

La pili, napenda kumkumbusha mwanzisha uzi kwamba njia hii haikufa. Arctic Monkeys wa Sheffield, walioanza kama bendi ya magitaa ya kasi isiyo na subira, walitoa The Car mwezi Oktoba 2022 wakiwa na mtayarishaji wao James Ford, na ala za nyuzi zimetawala kuanzia wimbo wa kwanza. Mashabiki wengi wa zamani walilalamika kwa maneno yaleyale uliyoyataja mwanzoni: kwamba bendi imeishiwa. Nashawishika kwamba hoja yako inaifaa pia, kwa kuwa gitaa la umeme linapoingia katika wimbo wa Body Paint, linaingia likiwa mgeni ndani ya nyumba ya fidla.

Mwanzisha uzi

Nimeipenda hoja ya taarab, na nasikitika kwamba haikunijia mwenyewe.

Kuhusu The Car nakubaliana nawe kwa sehemu. Alex Turner, mwimbaji wa Arctic Monkeys, anaimba kwa sauti ya mtu anayejitazama kwenye filamu, na ala za nyuzi zinamsaidia kujitazama hivyo. Zinakuwa kama taa za jukwaani zinazomfuata. Hilo ni tofauti na Love, ambako ala hazimfuati mtu. Lakini katika wimbo ulioutaja, mwishoni gitaa na fidla vinagombania wimbo mmoja bila yeyote kukubali kushindwa, na kwa dakika hizo chache naweza kuziweka albamu hizi mbili kwenye rafu moja.

Mchangiaji wa tano

Shukrani kwa wote. Nimesikia kuwa ipo rekodi ya onyesho ambamo Lee aliipiga albamu yote jukwaani akiwa na okestra. Je, inafaa kwa mtu anayeanza, au aanze na ya 1967?

Mwanzisha uzi

Anza na ya 1967, kisha uende kwenye hiyo. Onyesho unaloliuliza lilifanyika katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London, mwezi Januari 2003. Lee alikuwa ametoka gerezani mwishoni mwa 2001 baada ya zaidi ya miaka mitano kifungoni kwa kosa la silaha, chini ya sheria ya California inayoongeza adhabu kwa aliyewahi kutiwa hatiani. MacLean na Forssi walikuwa wamefariki dunia mwaka 1998. Bendi iliyompigia ilikuwa Baby Lemonade ya Los Angeles, pamoja na kikundi kidogo cha fidla na tarumbeta kutoka Stockholm.

Kimuziki, okestra ni ndogo kuliko ya 1967, kwa hiyo fidla zinasikika moja moja na si kama wingu, na baadhi ya watu hulipenda hilo zaidi. Magitaa ya umeme yamepandishwa. Sauti ya Lee imekuwa nzito na yenye mikwaruzo, lakini anazifikia nota zake. Kama una muda wa wimbo mmoja tu, sikiliza The Red Telephone katika rekodi zote mbili, moja baada ya nyingine. Ile ya 1967 inaimbwa na kijana anayewaza nani atafungiwa kesho. Ile ya 2003 inaimbwa na mtu aliyefungiwa akatoka, na mpangilio wa fidla haujabadilishwa hata kidogo kwa ajili yake. Lee alifariki Agosti 2006 huko Memphis.

Kuhusu toleo la kununua, chagua lolote lenye nyimbo kumi na moja kwa mpangilio wake wa asili, na kama kuna nyongeza mwishoni, usiziunganishe katika usikilizaji wa kwanza, kwa kuwa tarumbeta za You Set the Scene zinahitaji kufuatwa na kimya.